Kidole cha Masalu

Jumatatu, 2 Juni 2025

Nimegombana na watu wanne na saa sita haijafika. Mwalimu wa sekondari kaacha cheti chake cha ndoa ndani ya mashine, kaondoka na kopi. Mama mmoja vilevile, kitambulisho cha NIDA. Watu wa Bariadi mna nini? Umekuja kutoa kopi, unachukua kopi, orijino unaniachia mimi! Nina boksi chini ya kaunta, nimeliandika kwa maka peni ORIJINO ZENU, limejaa mpaka halifungi. Situpi hata moja. Wakija kuchukua nawasema, wanacheka. Mimi sicheki.

Halafu Dk. Faraja, daktari wa saratani, kapiga simu kutoka Mwanza. Majibu ya damu ya kaka Masalu yamerudi kutoka Afrika Kusini. Imekubali! Wagonjwa tisa aliwapima, wanane wamekataliwa, aina ya tishu zao hailingani na dawa inayojaribiwa huko. Wa tisa ni Masalu. Kwenye kundi hili la majaribio imebaki nafasi moja. Mlango unafungwa Ijumaa tarehe 20.

Nikalia kidogo nyuma ya mashine. Halafu nikakasirika kwa kulia.

Niandike yote, kichwa kimejaa. Masalu analima pamba Sapiwi, ana miaka arobaini na mbili na watoto watano. Ukucha wa kidole gumba cha mguu wa kulia ulikuwa mweusi. Kila mtu alisema ng'ombe alimkanyaga wakati wa kulima. Kweli ng'ombe alimkanyaga — mguu wa kushoto! Hakuna aliyeuliza. Mwaka mzima! Kidole kikaanza kutoa majimaji, Mei mwaka jana kikakatwa hapa hapa Bariadi. Kidonda kikapona vizuri, akarudi shambani, tukasahau. Februari mwaka huu kikatokea kivimbe kinenani. Mwanza wakachoma sindano, wakavuta chembe. Saratani ya ngozi, melanoma, na imeshafika mapafuni. Mimi nilisikia ni ugonjwa wa wazungu wanaoota jua. Uongo mtupu! Sisi inatujia kwenye unyayo na chini ya kucha, mahali ambapo hakuna anayepaangalia.

Dk. Faraja katuma fomu ya ridhaa kwa barua pepe. Kurasa thelathini na moja, Kiingereza kitupu. Ya Kiswahili eti bado iko kwenye kamati. Kamati! Nimeichapa mwenyewe, wino wangu, nimekaa na kamusi.

Jumatano, 4 Juni

Nimefunga duka, nimepanda bodaboda mpaka Sapiwi. Baba mkubwa Ngeleja alinipokea zizini. Ni kaka wa marehemu baba, tangu tumezika baba neno lake ndilo la mwisho pale nyumbani. Nikapiga goti. Mwangaluka, mwangaluka. Hata salamu hazijaisha akaniambia nisimtajie mgonjwa jina la ugonjwa. Tumemwambia ni kidonda kimeingia ndani, basi. Nikamwambia baba, hii fomu lazima asaini yeye, na asaini akiwa anajua. Akasema, basi msomee kwa kuruka.

Kwa kuruka! Kurasa thelathini na moja!

Ndani Wilhelmina, mke wa Masalu, alikuwa anamenya viazi vitamu vya kukausha, michembe. Masalu kaegemea ukuta, mguu kaunyoosha. Kapungua sana. Nikaanza kusoma kwa kuruka kama nilivyoagizwa na hata ukurasa wa pili sikuumaliza. Masalu akasema, Nyanjige, soma na lile neno. Nikajifanya sijasikia. Akalisema yeye. Saratani. Kumbe anajua tangu Machi! Nani kakwambia? Hakuna aliyeniambia, anasema, ila tangu tutoke Mwanza baba mkubwa ananipa firigisi ya kuku. Mzee yule hajawahi kumpa mtu firigisi tangu azaliwe.

Wilhelmina alicheka mpaka kisu kikamdondoka. Mimi nilikuwa na hasira. Miezi mitatu nyumba nzima tunanong'ona uani, na mwenye ugonjwa ndani anatuhurumia sisi.

Basi nikamweleza kila kitu, kama Dk. Faraja alivyonieleza. Damu ina askari wake. Saratani imewazoea, wanapishana nayo wanasalimiana. Watamtoa askari hao, wapelekwe maabara, wabadilishwe, wapewe jicho la kuijua sura ya saratani. Watazalishwa wawe mamilioni kwa mamilioni, halafu watarudishwa mwilini mwake kwa dripu. Masalu kasikiliza, kacheka. Hao ni sungusungu wa kijiji, anasema. Mnawaonyesha sungusungu sura ya mwizi. Ndiyo, kaka, hao hao. Akauliza, na wakikosea? Maana sungusungu wakipandwa na hasira wanampiga yeyote aliyevaa koti kama la mwizi.

Nikafungua ukurasa wa kumi na nne. Wanaweza kukosea. Wanaweza kushambulia ngozi nzima, macho, masikio. Homa kali, presha kushuka, chumba cha wagonjwa mahututi. Nikasoma yote. Lakini sikuchukia hapo, nilichukia ukurasa wa tisa. Lengo la hatua hii ni kujua kiasi gani cha dawa ni salama. Kujua! Si kuponya. "Inawezekana usipate faida yoyote." Wameandika kavu hivyo hivyo. Watu saba wa mwanzo, waliopungua uvimbe ni wawili. Wawili! Mtu atoke Sapiwi apande ndege, atobolewe, wao wajue kiasi? Nilitaka kuichana pale pale.

Masalu akasema, hebu soma tena hapo kwenye wawili.

Nikasoma. Akasema hapa nyumbani ni sifuri, wawili ni wengi. Saini yenyewe ataiweka mbele ya Dk. Faraja, nikamweleza. Akaomba peni hata hivyo, akaandika jina lake pembeni mwa ukurasa mara nne, afanye mazoezi. Mwandiko wa darasa la saba, taratibu, ulimi nje.

Jumatatu, 9 Juni

Saa nne Dk. Faraja kapiga. Afrika Kusini wanataka kipande cha saratani yenyewe. Sindano ya Februari ilitoa chembe chache, zimeisha zote kwenye vipimo. Lazima waone kama saratani ya Masalu inayo ile sura ambayo askari wanafundishwa. Isipokuwa nayo, askari watazunguka mwilini bure. Na kukata kivimbe cha kinenani sasa haiwezekani, kimekumbatia mshipa mkubwa wa damu, kidonda hakitapona kabla ya safari. Akasema usihofu, si kuna kidole? Kilikatwa mwaka jana, lazima kipo maabara ya hapa Mwanza. Maabara hawatupi.

Saa nane kapiga tena. Maabara hawana. Hakuna Masalu kwenye rejesta ya mwaka jana.

Nikachukua namba nikawapigia mwenyewe! Kapokea kijana mmoja mpole, na upole wake ndio ulionizidishia. Nikamwambia mmepoteza kidole cha kaka yangu. Mmekitupa. Mnakaa kwenye viti vya kuzunguka, mnakunywa chai, viungo vya watu mnafanya takataka kwa sababu sisi tunatoka Simiyu! Wateja wawili walikuwa dukani, wakatoka taratibu. Yule kijana akasema, dada, naomba tusome pamoja, akaanza kunisomea majina, Mei yote, Juni yote. Nikamwambia asiniite dada. Nikakata.

Kopi za Halmashauri nimezitoa kichwa chini miguu juu.

Jumanne, 10 Juni

Asubuhi nilikuwa wa kwanza hospitalini, nimekunja mikono ya blauzi kabisa. Nilitaka jina la mtu aliyekipeleka kidole Mwanza. Muuguzi wa chumba cha upasuaji kafungua kitabu, kapitisha kidole chake kwenye mstari, kakigeuza nione.

21/05/2024. Kipande kimekabidhiwa kwa ndugu. Nyanjige. Saini.

Akauliza, hii si saini yako? Nikasema hapana.

Nilisema hapana! Mtu mzima!

Ni yangu. Nakumbuka na chupa. Ya plastiki, kifuniko chekundu, ndani dawa inayochoma pua. Huku kwetu ndugu ndiye anayekibeba mpaka Mwanza, wanakupa chupa na karatasi, safari njema. Ilikuwa wiki ya mitihani ya muhula, shule sita zinanisubiri nichape. Nikampa baba mkubwa chupa na karatasi, kesho yake akapanda basi. Jioni nikampigia, akasema nimesharudi nyumbani. Sikuuliza zaidi. Sikuuliza wiki ile, wala mwezi ule. Sikuuliza majibu. Kidonda kilikuwa kinapona, nani anauliza majibu ya kidole ambacho hakipo?

Miezi kumi na tatu. Kesho mzee atanieleza.

Jumatano, 11 Juni

"Nilikizika."

Hivyo tu! Alikuwa anasuka kamba ya ndama, hata hakuinua kichwa. Nikamuuliza unasemaje, baba? Akarudia. Kiungo cha mtu aliye hai kinazikwa kwake. Mguu wa babu yenu ulizikwa hapa, na kidole cha Masalu kimezikwa hapa, upande wa zizi, mahali anapopajua yeye. Na chupa? Kakizika na chupa yake, hakutaka kukigusa.

Nilimuuliza kwa nini hakufika Mwanza. Ndipo akasimulia, macho kwenye kamba. Basini, kabla ya kufika Lamadi, chupa ilianza kutoa harufu. Aliyekaa naye akauliza kuna nini kwenye begi. Kondakta akalifungua. Kidole cha mtu! Basi zima likasimama wima. Kanda hii, baada ya yote tuliyoyaona, watu kukatwa viungo kwa ajili ya waganga — mzee peke yake, kidole begini! Wakamshusha. Mmoja akamzaba kofi, kofia ikaanguka chini. Wakamwambia toa karatasi ya hospitali. Akasema hakuwa nayo. Mama mmoja muuza dagaa alimfahamu kwa sura, akapiga kelele huyu ni mzee wa Sapiwi mwacheni, ndiyo ikawa pona yake. Akarudi sehemu kwa miguu, sehemu kwa lori la mbegu za pamba. Akazika. Akanyamaza.

Nikasema, karatasi nilikupa.

Hukunipa, mayu, mama.

Nilikupa mkononi!

Hukunipa.

Nikamwambia baba, wewe ni mwongo, unasema uongo ufunike aibu yako. Nimesema hivyo. Kwa sauti, nimesimama, yeye amekaa. Wilhelmina alikuwa pale, na watoto, na jirani aliyekuja kuazima jembe. Mzee alikunja kamba yake, akaingia ndani, akafunga mlango mchana kweupe.

Sijuti! Masalu anakohoa ndani ya nyumba ile ile, na mzee amekaa juu ya siri miezi kumi na tatu!

Nilimpigia Dk. Faraja nikiwa njiani, nimesimama kwenye mashamba ya pamba. Akauliza kama chupa ilifungwa vizuri. Kama dawa bado imekifunika kidole, kuna nafasi ndogo. Ndogo sana, Nyanjige, dawa ikikaa muda mrefu inaharibu mambo mengi, nisikudanganye. Lakini nileteeni nikione. Na karatasi ya siku ile ya kukata, orijino. Lebo itakuwa imefutika, na chupa isiyo na karatasi ni chupa ya mtu yeyote, maabara hawataipokea.

Alhamisi, 12 Juni

Mzee kakataa kufukua. Kafikisha ujumbe kupitia Wilhelmina. Kilichozikwa cha mtu aliye hai ukikifukua unamwita mwenyewe akifuate. Na Nyanjige asikanyage kwake.

Sawa. Sikanyagi! Na karatasi? Kaitupa huko huko Lamadi, bila shaka, halafu ananisingizia mimi.

Siku nane zimebaki. Nimemfokea mpaka fundi wa umeme.

Ijumaa, 13 Juni

Nataka kuandika hili haraka.

Saa tatu asubuhi kaja Mustapha, jirani yangu, anauza simu duka la pili kutoka langu. Anatafuta cheti cha kuzaliwa cha bintiye Muzdalifa, anaandikishwa shule, na anadhani alikiacha kwangu mwaka jana. Nikaanza kumsema. Mwaka mzima, Mustapha! Cheti cha mtoto! Ninyi watu vichwa vyenu mnaviacha wapi? Akasimama pale anachekacheka kama kawaida yao. Nikavuta boksi, nikaanza kutoa. Leseni, hati ya shamba, vyeti vya darasa la saba. Nikakiona cheti cha Muzdalifa karibu na chini kabisa. Nikakivuta. Chini yake kulikuwa na karatasi ya njano.

Maombi ya uchunguzi wa tishu. Masalu, miaka 41, Sapiwi. Kidole gumba, mguu wa kulia. 21/05/2024. Saini ya daktari. Muhuri wa zambarau.

Mustapha akauliza, umekipata? Nikasema bado. Nilikuwa nimekishika mkononi.

Nilitaka kopi. Sasa nakumbuka. Nilitaka tubaki na kopi ya kumbukumbu, maana mimi ndiye mwenye akili, mimi ndiye ninayejua karatasi zinavyopotea. Nikaiweka kwenye kioo. Simu ikalia, mwalimu mkuu anataka mitihani yake. Nikampa mzee chupa nikampungia mkono. Na jioni nikaikuta kwenye mashine nikaitupa kwenye boksi bila kuisoma, pamoja na za wajinga wengine.

Wajinga wengine.

Alipigwa kofi mbele ya basi zima kwa ajili ya karatasi iliyokuwa chini ya kaunta yangu. Ningeacha kuchapa mtihani mmoja tu wa jiografia, kidole kingefika Mwanza Mei mwaka jana. Majibu yangetoka Juni. Kinena kilikuwa kitupu Juni! Mapafu yalikuwa safi!

Na nimemwita mwongo. Nimefunga duka. Nina hasira na hakuna mtu wa kumpigia simu.

Jumamosi, 14 Juni

Alisema nisikanyage kwake, sikukanyaga. Nilipiga magoti nje ya ua, kwenye vumbi la njia ya ng'ombe, watu wanapita kwenda mnadani wananiangalia. Wilhelmina akaichukua karatasi, akaingia nayo.

Mzee alikaa nayo ndani muda mrefu. Halafu akatoka, kaishika kwa mikono miwili. Mzee hasomi Kiingereza. Aliweka kidole kwenye muhuri. Akauliza, hii ndiyo waliyokuwa wanaitaka? Ndiyo, baba. Muhuri huu ungetosha? Ungetosha, baba. Nilikuwa nayo mimi. Niliisahau kwenye mashine.

Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane! Akasema, simama, ng'wanone, mwanangu, unachafua gauni.

Hajasema amenisamehe. Sijamwomba bado.

Lakini kufukua bado alikataa. Hilo ni jambo jingine, alisema, hilo halina muhuri. Ndipo Masalu akatoka ndani na fimbo yake. Alikuwa amesikia yote. Akasema baba, kidole ni changu. Kama kitaniita, kiniite nimesimama. Akachukua jembe la Wilhelmina, akaenda upande wa zizi, akaanza kuchimba. Hajui mahali! Anachimba tu. Majembe matano, anakohoa. Majembe matatu, anakohoa. Wilhelmina akataka kumshika, akamsukuma. Mimi nilitaka kupasuka. Mzee kasimama na karatasi yangu, anamwangalia mtoto wa ndugu yake anavyochimba pasipo na kitu.

Mara akasema, si hapo.

Akanipa karatasi. Akavua koti. Akamnyang'anya Masalu jembe. Kumbe zizi lilisogezwa Januari, pale penyewe siku hizi wanalala ng'ombe. Tukawatoa. Akapima hatua kutoka kwenye nguzo ya zamani, akachimba kwenye samadi, kisha udongo mweusi, kisha akapiga magoti akachimba kwa mikono.

Kifuniko chekundu kimepauka. Lebo imefutika, imebaki herufi M. Dawa imepungua karibu nusu, na kidole kimelala kwa ubavu. Kimefunikwa. Ncha ya ukucha ndiyo imejitokeza kidogo. Mweusi vilevile.

Masalu akaiinua chupa juani, akakitazama kidole. Mwangaluka, akakisalimia. Wilhelmina akacheka, halafu akakaa chini kwenye samadi akalia.

Jumatatu, 16 Juni

Naandika ndani ya gari la Mustapha, pembeni mwa barabara ya Mwanza. Wametusimamisha.

Masalu hakuweza kuja, jana kakohoa damu. Niandike upesi. Tumetoka saa mbili asubuhi, Mustapha anaendesha, hakuniuliza chochote kuhusu cheti, kakiona chenyewe juu ya kaunta. Nilitaka chupa niibebe mimi. Baba mkubwa akakataa. Alisema aliishusha yeye njiani, ataifikisha yeye. Karatasi nimeiweka kwenye mfuko wa plastiki, orijino, nimeikagua mara tisa. Maabara wanapokea mpaka saa tisa.

Saa tano tukafika kwenye kizuizi. Afande kachungulia, kanusa. Hii harufu ni ya nini? Mama, kwenye begi kuna nini? Nikafungua mdomo. Baba mkubwa akanitangulia. Akasema, ni kidole cha mwanangu, na karatasi yake hii hapa.

Afande kaisoma. Kaisoma tena. Akauliza, karatasi ya mwaka jana, kidole kinasafiri leo? Mwaka mzima kilikuwa wapi? Mzee akajibu, ardhini. Jibu gani hilo! Afande akasema shukeni.

Nimempigia Dk. Faraja mara kumi na moja. Hapokei. Mwenzake kanijibu yuko chumba cha upasuaji mpaka saa nane. Saa nane! Nimemwonyesha afande fomu ya kurasa thelathini na moja, akaniambia mama hii ni Kiingereza, hapa nashughulika na kidole. Nikamwambia maneno ambayo sitayaandika. Kaniamuru nikae garini mpaka nipoe. Sipoi.

Basi limesimama nyuma yetu. Abiria wameteremka kunyoosha miguu, sasa wamekuja kuangalia. Ishirini hivi. Mmoja kasema lile neno, mganga. Mwingine kalidaka. Baba mkubwa kasimama katikati yao na chupa. Kavua kofia kaifunika isipigwe na jua, kichwa chake kimebaki wazi, mvi tupu. Mara ile alikuwa peke yake hivi hivi. Nimefungua mlango, kaninyooshea mkono nikae. Nimekaa, nimeuma kucha mpaka nyama.

Saa sita kasoro. Anawaeleza. Namsikia mpaka huku, taratibu, Kiswahili chake cha Sapiwi. Kaanzia kwa ng'ombe aliyekanyaga mguu wa kushoto. Kafika kwenye kidole kukatwa. Yule aliyesema mganga kasogea asikie. Afande kakaa kwenye tofali, kitabu chake cha maelezo kakiweka pajani. Mzee anawaeleza habari za sungusungu na sura ya mwizi — Masalu kamfundisha! — anainua kofia wote waone, anafunika tena.

Sasa kafika kwenye basi. Kwenye kofi. Kasema kofi, mbele ya watu, yeye ambaye miezi kumi na tatu hakumwambia hata mke wake. Afande anauliza, na kwa nini hukuwa na karatasi, mzee?

Kaangalia huku garini. Kaniangalia mimi.

"Niliisahau nyumbani mwenyewe," kasema. "Uzee."

Uongo! Uongo mchana kweupe, mbele ya polisi na basi zima, anausema kwa ajili yangu! Na mimi nilimwita —

Afande anaandika. Anaandika hilo.

Nashuka.